Kuunda kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: vifaa vipya, na nguvu yote uliyoilipia

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu haziangushwi na uchache wa pesa. Zinaangushwa na nguvu iliyolipiwa ikabaki bila kutumika: RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kijiti kimoja pale palipotaka viwili, kadi ya picha iliyobanwa na ubao mama (bodi inayounganisha vifaa vyote) usioendana nayo, monita ya Hz 144 (yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) inayoendeshwa kwa Hz 60 mwaka mzima bila mwenyewe kushtuka. Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua kila kifaa kikiwa kipya, chenye dhamana yake, na anayetaka kucheza kwenye 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde au zaidi. Tutaanza na ununuzi, kisha tuunge, na njiani nitakuonyesha mahali nguvu huvuja.

Anza na monita

Kabla hujaangalia prosesa yoyote, amua utachezea skrini gani. Picha ya 1080p ina pikseli zipatazo milioni 2.1, ya 1440p milioni 3.7, na ya 4K hufika milioni 8.3. Kadi ya picha huzichora zote upya kwa kila fremu, kwa hiyo ukihama kutoka 1080p kwenda 1440p unaiongezea mzigo kwa zaidi ya robo tatu. Kwa bajeti ndogo, 1080p ndiyo saizi yetu. Tafuta yenye Hz 144 au zaidi na teknolojia ya FreeSync, maana fremu zikishuka hadi hamsini na kitu, monita hushuka nazo na picha haionekani kukatika.

Fikiria pia unacheza nini. Gemu za ushindani kama Valorant na Counter-Strike 2 hutegemea sana prosesa. Gemu kubwa za hadithi, zenye miji na misitu isiyoisha, ndizo zinazoila kadi ya picha.

Kadi ya picha kwanza, vingine vifuate

Ukishaweka kando pesa ya monita, kibodi na kipanya, asilimia 35 hadi 45 ya kilichobaki iende kwenye kadi ya picha. Huo ni mgawanyo wangu, na siupunguzi ili ninunue kasha lenye vioo na taa.

Usishuke chini ya GB 8 za kumbukumbu ya kadi, yaani VRAM. Radeon RX 6600 ya mwaka 2021 ina GB 8 na hula wati 132 tu. Ukiikuta bado mpya kwa bei iliyoshuka, ni ngazi ya kwanza nzuri. GeForce RTX 4060 nayo ina GB 8 na hula wati 115. Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024, ina GB 12, ila ina sharti lake: bila Resizable BAR (kipengele kinachoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) kuwashwa kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mama, utendaji wake huporomoka. Usiiunge na ubao wa zamani usio na kipengele hicho. Pesa ikiruhusu, Radeon RX 9060 XT ya GB 16 itakupa miaka mingi zaidi kabla VRAM haijawa tatizo.

Soma jina la kadi hadi herufi ya mwisho. RTX 3050 ya GB 6 na RTX 3050 ya GB 8 ni kadi mbili tofauti: ya GB 6 ina viini vichache zaidi vya kuchora, na tofauti yake haiishii kwenye kumbukumbu. RX 9060 XT nayo huuzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lilelile, na tangazo la haraka-haraka halitakukumbusha.

Mtego mwingine ni njia za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na ubao mama. Kadi nyingi za bei nafuu hazitumii njia zote 16 za sloti. RX 6600 na RTX 4060 hutumia 8. RX 6500 XT hutumia 4 peke yake na ina GB 4 za VRAM. Ukiichomeka hiyo ya mwisho kwenye ubao wa PCIe 3.0 (kizazi cha zamani, cha polepole kuliko 4.0), data inayofurika kutoka kwenye VRAM hupita kwenye kichochoro, na gemu huanza kukwama-kwama. Mimi singeinunua hata kwa punguzo.

Prosesa na ubao mama

Viini 6 (vitengo vya hesabu ndani ya prosesa) na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) vinatosha kwa kadi zote nilizozitaja. Kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao) ya AM4, ya kampuni ya AMD, chaguo la kawaida ni Ryzen 5 5600. Upande wa Intel, Core i5-12400F. Zote mbili huuzwa na feni yake ndani ya boksi, kwa hiyo kipozaji hakikuongezei gharama. Bajeti ikiwa imebana kabisa, Core i3-12100F ya viini 4 bado inacheza, ingawa gemu mpya zaidi zitaifikisha asilimia 100.

Ryzen 5 5500 inafanana na 5600 kwa jina na kwa idadi ya viini, ila ina kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0. Ukiiunganisha na kadi ya njia 8, unapoteza mara mbili. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua 5600.

AM4 haipandi tena. Ilianza mwaka 2016 na imefika mwisho wake. Utakachonunua leo ndicho utakachokaa nacho, isipokuwa ukaja kuweka prosesa kubwa ya familia hiyohiyo. AM5, iliyotoka mwaka 2022, bado inapokea prosesa mpya, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ryzen 5 7500F au 7600 kwenye ubao wa B650 ni mwanzo mzuri, lakini lazima ununue RAM ya DDR5, kizazi kilichofuata DDR4 ya AM4. Hapo ndipo hesabu ilipovurugika: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa, kwa kuwa viwanda vya chip vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Piga jumla ya vitu vitatu kwa pamoja, yaani prosesa, ubao na RAM, kabla ya kuamua soketi. Bei ya prosesa peke yake itakudanganya.

Herufi F kwenye prosesa za Intel na baadhi ya Ryzen maana yake haina picha yake yenyewe: bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 haina picha hata bila herufi hiyo. Kama pesa ya kadi haijatimia, kuna njia ya kuanza bila kadi, kwa prosesa kama Ryzen 5 8600G ambayo picha yake ya ndani hucheza gemu nyepesi na za wastani. Utaongeza kadi baadaye. Prosesa za aina hii hukopa RAM ya kompyuta kama VRAM, kwa hiyo vijiti viwili ni lazima.

Kwa ubao mama, B550 ndiyo ya AM4, B650 ya AM5, na B660 au B760 ya Intel ya soketi LGA1700. A520 ni rahisi zaidi lakini haina PCIe 4.0, na tumeshaona madhara yake kwa kadi za njia 8 na 4. Kwenye Intel, angalia mara mbili: B660 na B760 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na vijiti vya aina moja haviingii kwenye sloti za nyingine kwa sababu pengo limekaa mahali tofauti. Ubao uwe na sloti ya M.2 ya kuchomekea SSD, na ikiwezekana kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kitufe hicho huokoa pale ubao uliokaa ghalani muda mrefu unapokuwa na BIOS isiyoijua prosesa yako.

RAM, SSD na kasha

RAM iwe GB 16 kwa vijiti viwili vya GB 8, au GB 32 kwa viwili vya GB 16. Viwili hufungua chaneli mbili kwa wakati mmoja. Kimoja hukata njia ya data nusu. DDR4 ya kasi ya 3200 inatosha. Kwa DDR5 lenga 6000 ukiipata kwa bei ya kawaida.

SSD, yaani diski isiyozunguka, iwe ya NVMe (aina ya haraka inayoingia kwenye M.2) ya TB 1. Kati ya PCIe 3.0 na 4.0, muda wa kufungua gemu hautofautiani kwa kiasi cha kukufanya ulipe zaidi. Diski kuu ya kuzunguka iachie picha na filamu.

Kasha liwe na wavu mbele na feni mbili angalau. Pima urefu wa kadi dhidi ya nafasi iliyotajwa kwenye maelezo ya kasha. Taa ni mbwembwe tu, na kioo kilichozibwa mbele hukaba hewa.

Pawasaplai: usibane hapa

Kifaa hiki kinachogawa umeme hakikuongezei hata fremu moja, ndiyo maana watu hukikata kwanza. Kikiharibika vibaya, kinaweza kuondoka na ubao na kadi pia.

Wati si tatizo. Chukua RX 6600 yenye wati 132, prosesa ya kundi la wati 65 ambayo kwenye kilele hupanda juu ya hapo, weka na feni na SSD: jumla haifiki 300. Pawasaplai ya wati 550 iliyo halisi inabeba mashine hiyo na kuacha nafasi ya kadi kubwa zaidi. Neno ni "halisi". Zipo zinazoandikwa 600 kwa maandishi makubwa, ilhali kibandiko cha pembeni kinaonyesha kwamba laini ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha kadi na prosesa, inatoa chini ya nusu ya hizo. Soma kibandiko: zidisha ampea za laini ya 12V kwa 12, upate wati za kweli. Pawasaplai nzuri ya 550 huonyesha ampea 45 hivi.

Alama ya 80 Plus inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi chochote kuhusu ulinzi dhidi ya volti kupita kiasi au shoti. Tafuta ulinzi huo kwenye maelezo, na dhamana ya miaka mitano au zaidi. Mtengenezaji asiyekiamini kifaa chake hatoi dhamana ndefu.

Kwenye baadhi ya pawasaplai za bei ya chini kuna swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Iweke kulingana na umeme wa ukutani kwako kabla ya kuchomeka. Ikiwa 115 kwenye umeme wa 230, itakufa mara moja, kwa mlio na moshi.

Kuunga

Unahitaji bisibisi ya msalaba, ikiwa na sumaku ni vizuri zaidi, na meza safi. Usiungie juu ya zulia. Gusa chuma tupu cha kasha kila unaporudi mezani ili umeme tuli utoke mwilini. Uweke ubao mama juu ya boksi lake. Kazi ya kwanza inafanyika nje ya kasha.

1. Prosesa. Inua kijimkono cha soketi. Tafuta pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na ile ya kwenye soketi, zilingane. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, na inapaswa kudondoka mahali pake yenyewe bila kusukumwa hata kidogo. Ikigoma, iinue uangalie kama kuna pini iliyopinda. Kwenye AM5 na Intel pini ziko kwenye ubao. Usiziguse kwa kidole wala kitambaa. Ukishusha kijimkono, kitahitaji nguvu na kutoa sauti ya kukwaruza inayotisha. Ni kawaida. Kifuniko cha plastiki kitaruka chenyewe; kihifadhi, kwani ukirudisha ubao kwa dhamana utatakiwa uwe nacho.

2. RAM. Ukiwa na sloti nne na vijiti viwili, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Linganisha pengo la kijiti na la sloti, kisha bonyeza ncha moja hadi usikie mlio, halafu ya pili. Kijiti kilichoingia nusu ni chanzo cha kawaida cha kompyuta mpya kutowasha picha.

3. SSD. Iingize kwa mwinuko wa nyuzi 30 hivi, ilaze, ifunge kwa skrubu ndogo. Kama ubao una bamba la kupozea, bandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake kwanza.

4. Kipozaji. Cha boksini huja na pesti ya joto tayari imepakwa. Usiiguse wala usiongeze nyingine. Cha Ryzen 5 5600 kina skrubu nne zenye springi: ondoa kwanza mabano mawili ya plastiki yaliyo kwenye ubao, lakini bamba la nyuma libaki mahali pake. Kaza kwa msalaba, mizunguko michache kila kona, ili kisiegemee upande mmoja. Cha Intel kina miguu minne ya kusukuma. Geuza ubao uhakikishe yote minne imetokea nyuma. Chomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN.

5. Jaribio la nje. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo itakayokuokolea saa nzima ya kufungua na kufunga. Chomeka kadi ya picha kwenye sloti ya juu kabisa, unga waya wa pini 24 wa ubao mama, waya wa prosesa na waya wa kadi, kisha monita kwenye kadi. Washa pawasaplai, halafu gusanisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili zilizoandikwa PWR_SW kwa sekunde moja. Picha ya BIOS ikitokea, vifaa ni vizima. Kwenye DDR5 vuta subira: mara ya kwanza ubao hujifunza RAM yako, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa.

Waya wa prosesa na waya wa kadi vinafanana, vyote vina pini 8. Cha prosesa kinagawanyika 4 na 4 na kimeandikwa CPU. Cha kadi kinagawanyika 6 na 2 na kimeandikwa PCIe. Havibadilishani. Na kama pawasaplai yako ina waya za kuchomoa, usitumie kamwe waya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia, kwa sababu mpangilio wa upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza kila kitu.

6. Ndani ya kasha. Zima, chomoa kadi. Bana bamba la milango ya nyuma mahali pake kama halijashikana na ubao. Hesabu matundu ya ubao na hakikisha chini ya kila tundu kuna kinguzo cha shaba, na hakuna kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu. Hicho kinaweza kupiga shoti. Laza ubao, funga skrubu bila kuzikaza kwa hasira.

7. Waya ndogo za mbele. Za swichi hazina upande. Za taa zina chanya na hasi; ukizigeuza taa haitawaka, lakini hakuna kinachoungua. Ramani yake iko kwenye kijitabu cha ubao.

8. Kadi ya picha. Toa vibamba viwili vya nyuma ya kasha, isukume hadi kifungio kilie, funga skrubu, chomeka umeme wake. Feni ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma itoe nje.

Kuichukua nguvu yako

Sasa mashine inawaka, na pengine haijafika hata karibu na uwezo wake.

Ingia BIOS, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete mara inapowaka. Washa XMP kwa Intel na mbao nyingi za AM4, au EXPO kwa AM5: ni mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Bila hivyo, RAM ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2666. Washa Resizable BAR. Hifadhi, toka.

Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (kipengele cha usalama), ambayo prosesa hizi zinayo ndani. Ikikataa, itafute kwenye BIOS kwa jina fTPM upande wa AMD au PTT upande wa Intel. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usianzie hapo. Linux haina gharama na hucheza gemu nyingi za Steam kupitia Proton (programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux), lakini Valorant na Fortnite hazitafunguka humo kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu.

Weka draiva (programu inayoiendesha kadi) kutoka kwa mtengenezaji wa chip: AMD kwa Radeon, NVIDIA kwa GeForce au Intel kwa Arc. Kisha fungua mipangilio ya skrini, sehemu iitwayo Advanced display, na uweke Hz 144. Windows mara nyingi huiacha kwenye 60. Hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi, chini, na si kwenye milango ya ubao mama iliyo juu yake.

Thibitisha kwa macho yako. Task Manager ya Windows, upande wa kumbukumbu, huonyesha kasi ya RAM. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha kama kadi inatembea kwa x8 4.0 au imeshushwa. Iangalie gemu ikiwa inaendelea, maana ikipumzika kadi hujishusha yenyewe.

Ikigoma

Mbao nyingi zina taa nne ndogo: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha), BOOT (diski ya kuanzia). Ile inayobaki imewaka inakuambia uanzie wapi. DRAM: toa vijiti vyote, jaribu kimoja kwenye sloti ya pili. VGA: ichomoe kadi na uirudishe, angalia waya wake wa umeme. CPU: waya wa pini 8 wa juu kushoto umesahaulika, au BIOS ni ya zamani. BOOT ikiwaka peke yake kwenye mashine isiyo na Windows bado, hakuna tatizo.

Ikikataa kuwaka baada ya kuwasha XMP, futa BIOS kwa kutoa betri ndogo ya duara kwa dakika chache huku umeme umechomolewa, kisha jaribu kasi ya chini kidogo.

Joto la prosesa likipanda hadi 90 na zaidi ndani ya dakika za mwanzo, kipozaji hakijakaa sawa. Kwenye AM4 usikivute moja kwa moja juu: washa kompyuta kwanza pesti ipate joto, zima, kisha kizungushe taratibu kushoto na kulia hadi kiachie, la sivyo kitang'oa prosesa kwenye soketi pamoja na pini zake. Futa pesti ya zamani kwa pombe ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, na urudishe.

Ikijizima katikati ya gemu bila ujumbe wowote ilhali joto ni la kawaida, kagua kwanza waya wa umeme wa kadi kwenye ncha zote mbili. Ukiwa umeingia vizuri na bado inajizima, ipeleke pawasaplai dhamana ikiwa bado hai.